Kimya Nilichokitafuta kwa Kugonga Ukuta

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu wa kulia huona haya. Ndio mkono niliogongea ukuta. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye nguvu za ng'ombe na akili ya ndama, nimetoka kwetu magharibi ya Kenya kuja kufanya kazi katika kiwanda cha saruji huku Kasese, Uganda. Nilitaka kimya cha kumwomba Mungu. Nilikitaka sana, na kwa ajili ya kimya hicho nikamtoa mama wa watoto wawili katika chumba chake. Nakwambia mapema, usije ukanipenda bure hapa mwanzoni halafu ukanichukia huko mbele.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani hapa Kitswamba, kijana mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mzee, mimi nashindwa kuomba. Kelele ni nyingi." Akaanza kuzitaja: spika ya duka la simu, pikipiki za bodaboda, jirani mwenye redio, na simu yake mwenyewe inayotetemeka mfukoni kama kuku aliyefungwa miguu. Sikumjibu palepale. Nilimwambia anipe muda, mimi ni mzee, maneno yangu huja kwa miguu. Basi haya ndiyo majibu yake, nawe ukiyakuta njiani yachukue.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kinu cha kusagia saruji. Ni pipa kubwa la chuma lenye mipira ya chuma ndani yake, linazunguka usiku na mchana. Ukisimama karibu nalo husikii hata kikohozi chako. Tulizungumza kwa mikono: kidole juu, simamisha, kiganja chini, punguza, kupiga tumbo, twende tukale. Ukitoka zamu masikio yanaendelea kulia ngiii, na unaongea na watu kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto bila wewe kujua. Mpaka leo mke wangu, binti wa Maliba huyu, huniambia, "Baba, mimi niko hapahapa."

Tena nilikuwa mtu wa sala, na nilijijua kuwa mtu wa sala. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanzia. Zamu ya usiku iliisha saa moja asubuhi. Nilirudi kwenye muzigo wangu, maana huku Uganda chumba kimoja cha kupanga katika safu ya vyumba huitwa hivyo, nikanawa vumbi, nikafunga mlango, nikapiga magoti. Nilikuwa nimelishika sana lile neno la Injili la kuingia chumbani na kufunga mlango. Sikuwa nimefikiria kwamba chumba kina kuta nne, na nyuma ya ukuta mmoja kuna watu.

Nyuma ya ukuta wangu aliishi mama mmoja kutoka Kongo. Jina lake sikulijua, nilimwita "yule Mkongo." Alikuwa na watoto wawili na kinu cha mti, na saa ileile niliyopiga magoti mimi, yeye alianza kutwanga sombe, yale majani ya mihogo, ili aende akauze senta, kule penye maduka. Tu! Tu! Tu! Ukuta ulikuwa wa tofali moja tu. Kikombe changu kilicheza juu ya meza.

Hebu utazame ujinga wa mtu. Usiku kucha nilisimama kando ya kinu kinachotikisa ardhi na sikunung'unika, kwa kuwa hicho ndicho kilichonilisha. Asubuhi, kinu kidogo kinachowalisha watoto wa mwenzangu kikanifanya nisage meno. Nyani haoni kundule.

Hata hivyo kinu ningekivumilia. Kilichonichoma ni sauti. Katikati ya kutwanga, hasa pale nilipopaza sauti katika maombi, yule mama naye alipaza yake: "Kimya, Bwana! Kimya!" Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, masikio yangu nimekwisha kukueleza. Siku ya pili tena: "Kimya, Bwana, kimya!" Nikafumbua macho. Yaani mimi, mtu mzima, nazungumza na Mungu wangu, na mwanamke nisiyemjua ananiambia ninyamaze? Tena yeye mwenye kutwanga! Nikainua mkono nikagonga ukuta kwa ngumi, mara tatu. Kukatulia kidogo. Halafu kinu kikaanza tena, na ile sauti ikarudi, safari hii kama yenye furaha: "Kimya, Bwana!" Nikaona kwamba ananidharau waziwazi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miezi minne. Nikiomba kwa nguvu, anapaza. Akipaza, nagonga. Kuna siku nilisema amina na sikukumbuka hata neno moja nililomwambia Mungu, nilikumbuka tu yale niliyotaka kumwambia jirani. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lilikuwa mimi.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ningetoka nje hatua sita, nikabisha hodi, nikasema, "Mama, kuna nini?" Jambo lote lingeisha hapo. Sikuuliza. Nilikwenda kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kikonzo, ambaye wapangaji wote tulimwita Mukaka, yaani bibi kwa lugha yao. Nilimkuta uani akianika kahawa. Nikamwambia yule Mkongo ana kelele, mimi nimetoka zamu, siwezi kulala wala kusali. Lile neno la "Kimya, Bwana" sikulitaja. Niliona aibu kusema kwamba mwanamke ananinyamazisha kila siku. Nikamalizia kwa kitisho: "Mukaka, uchague. Yeye au mimi." Nilijua nilichokuwa nikikifanya. Wapangaji wengine watatu walikuwa vijana wa kiwandani niliowaleta mimi, na Mukaka alifahamu kwamba nikihama nitahama nao.

Aligeuza kahawa yake kwa muda mrefu. "Mama iko na watoto," akasema. "Watalala wapi?"

"Mimi sijui," nikamjibu.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku mbili baadaye nilirudi kutoka zamu nikaukuta mlango wa jirani wazi, chumba kimefagiliwa, kinu hakipo.

Nikaingia kwangu, nikafunga mlango, nikapiga magoti. Kimya kilikuwa kimejaa chumba mpaka pembeni. Nikafumba macho nikasema, "Ee Mungu," na neno la pili halikuja. Nilingoja. Nikasikia ngiii ya masikio yangu, na ndani ya ile ngiii nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mimi sijui." Siku ya kwanza nikadhani ni uchovu. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu niliogopa, mwanangu, niliogopa kweli. Nilidhani Mungu amenifungia mlango, na mimi nilikuwa kijana nisiye na baba wala ndugu katika nchi hii, sina kingine cha kushika ila sala ile.

Nikaenda kwa Mukaka, nikajifanya nauliza habari za maji ya bomba.

"Umepata kimya yako?" akaniuliza kabla sijakaa.

Badala ya kunyamaza nikajitetea, na hapo ndipo lile neno nililolificha likanitoka. "Mukaka, wewe hujui. Yule mama alikuwa akinitukana. Kila nikiomba anasema, Kimya, Bwana! Kimya! Mimi ni mtoto wa kunyamazishwa?"

Mukaka alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha kicheko kikaisha, na uso wake ukawa mzito.

"Mutoto wangu," alisema, "Bwana ni wewe?"

Sikumwelewa.

"Mimi nauliza. Mutu anaamka asubuhi, anaita Bwana na machozi, na wewe ndiyo unaitika? Bwana ni wewe?"

Halafu akanifafanulia, polepole, maana yeye na yule mama walisikilizana lugha. Huko alikotoka yule mama, kimya ni amani. Vita ikiisha watu husema kimya imerudi. "Muzee yake ilibaki huko," Mukaka akasema. "Hajui kama iko muzima. Kila siku anaomba Nyamuhanga, Mungu yetu, ilete kimya. Na wewe hakuongea na wewe hata siku moja."

Kiwandani tulikuwa na msimamizi aliyewahi kuwa askari, tulimwita afande, na huyo alinikemea mara nyingi mbele ya zamu nzima na sikutoa chozi. Lakini swali la yule bibi lilinifanya nilie palepale uani, kando ya kahawa yake. Miezi minne nililisikia jina la Mungu na nikadhani naitwa mimi.

Nikajifuta uso, nikauliza mama wa watu amekwenda wapi.

"Bwera, karibu na soko. Kwa ndugu ya mama yake. Nyumba ni kidogo, wako wengi, watoto wanalala kwa baraza." Akachukua ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake, akanionyesha. "Chumba sijapatia mutu. Nilikuwa nangojea wewe upate masikio."

Siku yangu ya mapumziko ilipofika nilipanda gari la Bwera. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilichukua sukari na miche miwili ya sabuni. Tangu tulipopita Muhokya nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba msamaha, na nilipofika nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye mwanzo na mwisho, hata na mahali pa kukohoa.

Ukitaka kujua kelele ni nini, nenda soko la mpakani siku ya soko. Wachukuzi wanapiga yowe wapishwe, mbuzi wanalia, muziki wa Kikongo unatoka kila kibanda na kila kibanda na wimbo wake, na wanawake wanaovuka na mizigo kichwani wanasalimiana kwa lugha tatu bila kusimama. Nilizunguka nikatafuta, nikakata tamaa. Mwishowe nikasimama nikasikiliza. Tu! Tu! Tu! Yale mapigo niliyajua kabla sijamwona mwenyewe.

Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Akauacha mchi. Nikajiandaa kutukanwa.

"Papa wa kusali!" akapiga makofi, akamgeukia mtoto wake. "Ni weye? Kavira, kuja uone, ni ule papa wa kusali!"

Hotuba yangu yote ikapotea. Nilianza, "Mama, mimi ndiye..." Hakuningoja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, iliyokuwa ya kijani kwa majani.

"Aksanti sana, papa. Ulinisaidia kusali. Mie nasema, Kimya, Bwana, utupatie kimya. Na weye unapiga ku ukuta, tu, tu, tu! Nikasema, ule papa anasema amina na mie. Nikajua siko peke yangu."

Ngumi zangu, mwanangu, alizisikia kuwa amina.

Kisha akaniuliza, "Na mama yako? Ule muguu wake, ulipona?"

Mama yangu huko nyumbani alikuwa na kidonda cha mguu kisichofunga. Nilimtaja kila asubuhi kwa ile sauti yangu ya kiwandani, na tofali moja lingezuia nini? "Nilikuwa nasikia unalia juu yake," yule mama akasema. "Nikamutia mu maombi yangu. Hata hapa ku Bwera sijamuacha."

Wiki ileile dada yangu alikuwa amenitumia habari kwamba kidonda kimeanza kukauka. Nami, mtu wa sala, nilikuwa nimekwisha kujipongeza kwa maombi yangu yenye nguvu.

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ananishukuru, kwa nini nimharibie furaha? Lakini nilikwisha kuona kimya cha namna hiyo kinavyofanya kazi, nikaogopa kurudi nacho nyumbani. Nikamwambia, "Mama, ile haikuwa amina. Nilikuwa nagonga ili unyamaze. Na mimi ndiye niliyemwambia Mukaka akutoe."

Akauachia mkono wangu. Alitazama kinu chake, nami nikaona kwenye uso wake kwamba anazirudia zile asubuhi zote, moja moja, na kuzigeuza upande wa pili.

"Watoto yangu wanalala ku baraza," alisema. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Najua, mama. Nisamehe. Mukaka amekuwekea chumba. Nimekuja kukuomba urudi."

Mchukuzi akanisukuma kwa gunia la vitunguu, akaniambia nitoke njiani, nikabaki pale pale. Mwishowe yule mama akajifuta mikono kwenye kitambaa chake.

"Ile amina," akasema, "basi hukuitoa bado."

"Sikuitoa, mama."

"Uitoe sasa."

Akafumba macho pale pale, mchi ukiwa umeegemea bega lake. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani, "Kimya, Bwana. Utupatie kimya." Akamtaja mume wake. Akawataja watoto. Akamtaja mama yangu na mguu wake, na mimi akanitaja, "ule papa," kwa sababu jina langu naye hakulijua. Soko halikupunguza hata kidogo. Lakini ilinibidi niiname na kutega sikio ili nisipoteze neno lake lolote, na katika kule kutega sikio zile kelele nyingine zote nikazisahau. Nikasema amina. Niliisema kwa sauti ndogo, na nikaisikia.

Ndipo nikamwuliza jina. Miezi minne ya ukuta mmoja, ndipo nikauliza. Mama Kavira.

"Nitarudi," Mama Kavira akasema. "Lakini kinu inarudi na mie."

"Irudi, mama."

Nilikibeba mimi begani mpaka kwenye gari, nacho kilikuwa kizito, usikione hivi. Tulikaa majirani miaka mingi. Asubuhi nilipotoka zamu nilipiga magoti upande wangu, yeye akitwanga upande wake, na aliposema lake nilimwitikia amina kwa mdomo badala ya ngumi. Mama yangu alitembea tena. Kuhusu mume wa Mama Kavira, sitakudanganya ili hadithi iwe tamu: sikuwahi kusikia kwamba alipatikana. Maombi yake juu ya mama yangu yalijibiwa, na lile alilolia nalo yeye mwenyewe, kwa miaka yote niliyomjua, hakulipata. Jambo hilo bado namwuliza Mungu, na hajanijibu.

Sasa, kijana wangu wa Jumapili, nisikilize. Sikwambii usitafute mahali pa utulivu. Tafuta. Mimi mwenyewe huingia kwenye migomba yangu jua likichomoza, kabla mke wangu hajaanza kuniita, na wala sioni aibu. Na hiyo simu, izime, uiweke chumba kingine. Usiihesabu pamoja na kelele za dunia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiyo uliitia mfukoni kwa mkono wako.

Lakini usinunue kimya chako kwa raha ya mtu mwingine. Kabla hujafumba macho, sikiliza kwanza yale yanayokusumbua, ujiulize ni nani huyo. Huyo mwenye redio, labda nyumba yake imekuwa tupu mno akiizima. Huyo wa bodaboda, ana watoto wanaomngoja. Ukimjua mtu, kelele yake inapata jina, na mwenye jina unaweza kumwombea. Kama bado huwezi kuvumilia, toka hatua sita, bisha hodi, uulize kwa heshima. Usimwendee mwenye nyumba. Na siku utakayopata kimya kizuri kabisa na maneno yakakataa kuja, usimlaumu shetani haraka. Jiulize kwanza ni nani uliyemwambia "mimi sijui."

Basi Mungu akubariki, mwanangu. Akupe dakika chache za utulivu kila siku, na siku utakapozikosa akupe subira. Akuzuie usiitike pale linapoitwa jina lake. Na yule anayekutaja katika sala zake nyuma ya ukuta, ambaye wewe hata jina lake hujui, Mungu amsikilize yeye kwanza, kabla yako. Amina.